Shajara ya Kuhamia Tainan: Hati, Chumba, Skuta na Darasa

Juni 2024, Toronto: hati kabla ya safari

Shajara hii nawaandikia walimu wazungumzao Kiswahili, hasa walioko ughaibuni, wanaofikiria kwenda Taiwan kufundisha Kiingereza na wangependa kujua mapema shughuli yenyewe huanzia wapi na fedha huishia wapi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, raia wa Kanada, na nimepata mkataba wa mwaka mmoja katika shule ya msingi ya serikali mjini Tainan, kusini-magharibi mwa kisiwa. Kila hatua itakapokamilika nitaiandika hapa. Fedha nitazitaja kwa dola za Taiwan, na kwa sasa dola moja ni kama shilingi 4 za Kenya, au shilingi 80 na kidogo za Tanzania.

Kabla ya kulipia chochote, msomaji aanze na pasipoti yake. Mwajiri wangu alidai mambo matatu: pasipoti ya nchi ambayo Kiingereza ni lugha rasmi, shahada ya chuo kikuu, na leseni ya ualimu iliyotolewa na nchi hiyo hiyo ya pasipoti. Sharti la tatu linaweza kumkwamisha mwalimu mwenye uzoefu mkubwa aliyesomea ualimu Morogoro au Nairobi na kupata uraia mahali pengine. Shule za jioni za masomo ya ziada zina masharti yao, na kila moja iulizwe kwa maandishi kabla mtu hajaanza kugharimia mihuri.

Mihuri ndiyo iliyonipotezea muda. Kanada ilianza kutumia mkataba wa kimataifa wa apostili, yaani cheti kimoja cha kuthibitisha hati itakayotumika nchi nyingine, tarehe 11 Januari 2024, na ofisi ya kwanza niliyoiendea iliniambia kwamba tangu siku hiyo apostili inatosha kwa hati ya kupelekwa nchi yoyote. Nikalipa, nikapata apostili nzuri iliyobandikwa nyuma ya nakala ya shahada, na mwajiri akaikataa, kwa sababu Taiwan si mwanachama wa mkataba huo. Njia inayokubalika ni ile ya zamani: nakala huthibitishwa kwanza na wakili mwenye mamlaka ya notari, kisha hupelekwa katika Ofisi ya Uchumi na Utamaduni ya Taipei iliyoko Toronto, ambayo hufanya shughuli za kibalozi kwa kuwa Kanada na Taiwan hazina uhusiano rasmi wa kidiplomasia. Shahada, leseni ya ualimu na cheti cha polisi vyote vilipita njia hiyo. Aliyesoma chuo cha nchi nyingine ajiandae kupeleka hati zake katika ofisi ya Taipei inayohusika na nchi ile ilikotoka shahada, na hilo linaweza kula miezi.

Gharama ya hatua hii, pamoja na apostili isiyo na kazi, uchunguzi wa afya na ada ya posta, ilikuwa kama dola 9,000 za Taiwan. Kibali cha kazi kiliombwa na shule yenyewe, nami nikakitumia kupata viza ya ukaazi papo hapo Toronto. Ninapendekeza viza ya ukaazi badala ya kuingia kama mgeni na kubadilisha hadhi baadaye, kwa sababu hatua zote zinazofuata hutegemea kadi ya ukaazi.

24 Agosti 2024: kuwasili na kuomba kadi ya ukaazi

Safari sitaieleza kwa kirefu. Ajaye kwa treni ya mwendokasi afahamu kwamba kituo cha Tainan kiko Guiren, nje kabisa ya katikati ya jiji, na kwamba kipo kipande cha reli ya kawaida, njia ya Shalun, kinachomfikisha stesheni ya zamani kwa nauli ndogo. Teksi kwa umbali huo ni anasa.

Kadi ya ukaazi huombwa katika kituo cha Idara ya Taifa ya Uhamiaji ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini. Ada ni dola 1,000 kwa mwaka. Tatizo ni kwamba fomu inataka anwani ya makazi, ilhali wenye nyumba wengi niliowapigia walitaka kuona kadi kwanza. Shule ilikubali nitumie anwani yake kwa muda, nami baadaye nikaibadilisha. Mwalimu aliombe jambo hilo kabla hajapanda ndege, kwa maandishi, maana si kila shule itakubali likiibuka ghafla.

Kadi ilichukua kama wiki mbili. Katika kipindi hicho sikuweza kufungua akaunti ya benki wala kuchukua laini ya simu ya mkataba. Laini ya kulipia kabla inapatikana kwa pasipoti pamoja na kitambulisho cha pili, kwa hiyo leseni ya udereva ya Kanada ilinifaa hapo, ingawa barabarani, kama nitakavyoeleza, haikunifaa.

15 Septemba 2024: benki, muhuri na jina

Jina langu lina sehemu tatu, kama majina ya watu wengi wa pwani: langu, la baba na la babu. Katika pasipoti ya Kanada jina la babu limeandikwa kama la ukoo na mengine mawili yakafuata. Kadi ya ukaazi ililichapisha kwa mpangilio wa pasipoti. Benki ikaliandika bila nafasi kati ya majina kwa sababu mfumo wake uliishiwa na herufi, na orodha ya mishahara ya shule ikalianza na langu mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mshahara wa kwanza ulirudishwa.

Dawa yake ilikuwa kurudi nyuma hatua moja. Kwanza, nilikwenda uhamiaji na kuomba jina la Kichina liongezwe kwenye kadi, jambo linaloruhusiwa na lisiloathiri jina la pasipoti. Jina lenyewe, la herufi tatu, lilichaguliwa na mwalimu mwenzangu kwa kufuata sauti ya jina la babu, na nilimwomba mtu wa pili alithibitishe kabla ya kuliandikisha. Pili, nilichonga muhuri wa jina hilo kwa dola 150, kwa kuwa huku muhuri bado una nguvu ya sahihi katika benki na posta, na ule unaoandikishwa wakati wa kufungua akaunti ndio unaotambuliwa hadi mwisho. Tatu, nilipiga nakala ya ukurasa wa kwanza wa kitabu cha akiba, jina likiwa jinsi benki ilivyolichapa, nikaikabidhi kwa mhasibu wa shule nikamwomba anakili herufi kwa herufi. Mwezi uliofuata fedha ziliingia.

Namba ya kadi ya ukaazi, tangu 2021, ina herufi moja na tarakimu tisa, umbo lile lile la vitambulisho vya raia, na kwa hiyo mifumo mingi ya mtandaoni huikubali. Kwenye ile michache inayoikataa, mashine za maduka ya saa 24 hutoa huduma hiyo hiyo kaunta, kuanzia tiketi za treni hadi malipo ya bili.

Shauri langu la fedha kwa hatua hii: mtu aje na akiba isiyopungua dola 70,000, kwani mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa kwa mwezi mzima bila ya yeyote kuwa na nia mbaya.

29 Septemba 2024: chumba cha kwanza na sababu za kukihama

Chumba cha kwanza nilikipata kupitia tangazo la mtandaoni kwa dola 7,500 kwa mwezi, chenye bafu lake, kitanda na kiyoyozi. Amana ilikuwa kodi ya miezi miwili, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria. Kilikuwa kwenye paa la jengo la ghorofa nne, katika nyongeza ya mabati iliyojengwa juu ya ghorofa ya mwisho. Nyongeza za namna hiyo zimejaa katika miji ya Taiwan na nyingi hazimo katika ramani iliyosajiliwa ya jengo. Bei yake ndiyo ishara ya kwanza.

Tainan iko kusini ya Tropiki ya Kansa, inayopita Chiayi, na Septemba yake ni kama Machi ya Dar es Salaam. Chini ya bati, kiyoyozi hakikupumzika usiku wala mchana. Mkataba ulitaja umeme wa dola 6 kwa uniti moja, kifungu nilichokiona bila kukipima kwa kuwa sikuwa na bei nyingine ya kulinganisha, na bili ya mwezi ikafika dola 2,600. Katibu wa shule alipousoma mkataba alinionyesha kanuni za Wizara ya Mambo ya Ndani zilizoanza kutumika Julai 2024, zinazomkataza mwenye nyumba kumtoza mpangaji zaidi ya bei ya wastani iliyoandikwa kwenye bili halisi ya shirika la umeme. Bili halisi ilipoletwa, wastani ulikuwa chini ya dola 3. Mwenye nyumba hakubisha sana. Alikubali kukokotoa upya na kunirudishia tofauti.

Joto la bati, hata hivyo, halina kanuni ya kulipunguza, na msimu wa vimbunga ulikuwa haujaisha. Niliamua kuhama. Kuvunja mkataba bila notisi ya mwezi mmoja kuligharimu kodi ya mwezi mmoja, nayo ikakatwa kwenye amana.

Chumba cha pili ni cha dola 9,500, ghorofa ya tatu, jengo la zege lililokamilika 2008, umbali wa dakika kumi na tano kwa baiskeli kutoka shuleni. Safari hii niliutumia muda wa kuukagua mkataba kabla ya kutia sahihi, ambao kisheria ni siku 3 au zaidi, na nikaupitia pamoja na katibu. Tuliangalia bei ya umeme, masharti ya kuvunja mkataba, nani anatengeneza kiyoyozi kikiharibika, na kama jengo lina mahali pa kuweka taka.

Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini jengo lisilo na chumba cha taka humlazimu mpangaji kuwahi gari la taka yeye mwenyewe. Utaratibu wa nchi ni kwamba taka hazigusi ardhi: gari hupita kwa saa maalumu likipiga muziki wa piano, aghalabu Für Elise ya Beethoven, na watu hutoka na mifuko yao mikononi. Nyuma yake hufuata gari la vitu vya kurejelezwa, na mabaki ya chakula humwagwa katika pipa la peke yake. Kwa mwalimu anayerudi jioni, gari limeshapita. Chumba cha sasa kina pipa la pamoja kwenye ghorofa ya chini, na ziada ya dola 2,000 ninayoilipa kila mwezi sijaijutia.

6 Oktoba 2024: Krathon

Kimbunga Krathon kilizunguka polepole kusini-magharibi mwa kisiwa kwa siku kadhaa, kisha kikaingia nchi kavu Kaohsiung tarehe 3 Oktoba, kikiwa kimepungua nguvu. Ofisi na shule za Tainan zilifungwa kwa amri ya serikali ya jiji. Amri hiyo hutangazwa jioni ya siku iliyotangulia, na kila jiji huamua lake, kwa hiyo mwalimu afuate tangazo la mji anakofanyia kazi, maana la mji wa jirani huenda likawa tofauti. Nilinunua maji, tochi na mkate, na sikuvihitaji. Mabati ya chumba cha zamani, nilivyoambiwa, yalisalimika pia.

17 Novemba 2024: darasa, sauti na bima ya afya

Shule ina vipindi vya dakika 40, na ninafundisha darasa la tatu hadi la sita. Kiingereza kimekuwa somo la lazima kuanzia darasa la tatu tangu 2005, na serikali ina sera inayoitwa Lugha Mbili 2030, iliyotangazwa 2018, inayoeleza kwa nini walimu wageni wameongezeka katika shule za serikali. Walimu wenyeji wanaizungumzia sera hiyo kwa uangalifu. Baadhi yao wametakiwa kufundisha sanaa au michezo kwa Kiingereza ambacho wao wenyewe hawakukisomea, na mgeni anayefika akidhani kwamba kila mtu ameifurahia atajikuta amekalia kiti cha mtu.

Majuma ya kwanza nilifundisha kwa Kiingereza peke yake, kama mkataba unavyosema, huku mwalimu mwenza akitafsiri nyuma yangu. Ilionekana kazi inakwenda. Kumbe watoto walikuwa wamegundua kwamba sentensi yangu ilikuwa kelele inayotangulia sentensi yake, na wakati wa kelele hiyo walichora pembezoni mwa madaftari. Tulikaa, mimi na mwalimu mwenza, tukakubaliana kwamba hatatafsiri tena. Badala yake tunaigiza zoezi mbele ya darasa, yeye akiwa mwanafunzi, kisha mtoto mmoja anaigiza nami, ndipo wengine wanaanza. Kichina kinatumika mara moja tu, mtoto akiwa amepotea kabisa. Maelekezo yangu nimeyapunguza yakawa sentensi chache zisizobadilika. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kimya kirefu, na mwenzangu alitaka turudi kwenye njia ya zamani. Wiki ya tatu waliokaa nyuma walianza kujibu.

Kusoma kulikuwa na tatizo lake. Watoto wa hapa hujifunza kwanza alama 37 za zhuyin ili kutamka Kichina, wala hawaanzi na herufi za Kilatini, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu anayesoma Kichina vizuri sana anaweza kuchanganya b na d kama mtoto wa chekechea wa kwetu. Nilikuwa nimekuja na vitabu vya hadithi. Niliviweka kabatini hadi muhula wa pili, nikaanza na kadi za sauti.

Sauti yangu nayo ilikatika. Madirisha huwa wazi, ndege za kivita hupita juu kwa sababu uwanja wa ndege wa Tainan ni pia kambi ya jeshi la anga, na darasa lina watoto zaidi ya ishirini. Kliniki ya koo ilinitoza chini ya dola 200, dawa zikiwemo, kwa kadi ya bima ya taifa ya afya. Bima hiyo ilianza 1995 na mwajiriwa mgeni mwenye kadi ya ukaazi huingizwa na mwajiri. Sehemu ninayokatwa, kwa mshahara wa dola 66,000, ni zaidi kidogo ya dola 1,000 kwa mwezi. Daktari aliuliza kwa nini mwalimu hana kipaza sauti. Walimu wa Taiwan hufunga kiunoni spika ndogo yenye maikrofoni ya kichwani, nami nilidhani ni ya waalimu wa michezo. Yangu ilinigharimu dola 850, na ingekuwa kitu cha kwanza kununua, kabla ya mashuka.

15 Desemba 2024: leseni ya skuta

Tainan haina treni ya chini ya ardhi. Mabasi yapo, lakini katika njia yangu hupita kwa nadra, na baiskeli za kukodi za YouBike zinafaa kwa umbali mfupi pale kituo kinapokuwa na nafasi ya kurudishia. Watu wa jiji hili hutembea kwa skuta. Leseni yangu ya Kanada ni ya gari tu, na kibali cha kimataifa kisicho na muhuri wa pikipiki hakimruhusu mtu kupanda skuta hapa. Wapo wageni wanaoendesha hivyo hivyo hadi wapatapo ajali, ndipo hugundua kwamba bima haiwatambui.

Utaratibu ni uchunguzi mfupi wa macho na viungo, mtihani wa maandishi, mhadhara wa usalama wa dakika 90 kwa wanaopata leseni ya pikipiki kwa mara ya kwanza, kisha mtihani wa uwanjani. Ada zote kwa jumla hazikufika dola 1,000. Mtihani wa maandishi unapatikana kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, Kivietinamu na Kiindonesia zikiwemo, na alama za kufaulu ni 85. Benki ya maswali iko wazi mtandaoni. Tafsiri ya Kiingereza ya baadhi ya maswali ni ya kushangaza, na ni bora kuyazoea jinsi yalivyo kuliko kuyafikiri.

Uwanjani, kitu cha kwanza ndicho kinachoangusha. Ni njia nyembamba iliyonyooka yenye urefu wa mita 15, ambayo mtahiniwa haruhusiwi kuimaliza chini ya sekunde 7, wala kugusa mstari, wala kushusha mguu. Ukigusa mstari, kengele inalia na uwanja mzima unageuka kukutazama. Aliyezoea bodaboda atadhani ni mchezo, kumbe mwendo wa kasi ndio unaomshika mtu wima, na hapa kasi imekatazwa. Kengele ililia.

Mlinzi wa shule yetu ndiye aliyenipa njia. Alichora kwa chaki mistari miwili kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, akanieleza kwa mikono zaidi ya maneno: mafuta yasikatwe kabisa bali yashikwe kidogo na kwa usawa, breki ya nyuma ibonyezwe kwa wepesi dhidi ya mafuta hayo, magoti yabane, na macho yatazame mwisho wa njia, si gurudumu. Hilo la macho ndilo lililofanya kazi. Tulifanya mazoezi jioni baada ya masomo, watoto wa kikapu wakihesabu sekunde kwa Kiingereza, jambo ambalo silo nililolipanga lakini niliruhusu liendelee. Nikafaulu.

Kuna kanuni moja ya barabarani ambayo mgeni asiidharau. Kwenye makutano mengi makubwa skuta hairuhusiwi kukata kushoto moja kwa moja. Unavuka kwanza ukienda mbele, unasimama ndani ya kisanduku kilichochorwa mbele ya magari ya barabara unayoikata, unageuza skuta, na kusubiri taa yao iwe kijani. Hapa huendeshwa upande wa kulia, tofauti na kwetu, kwa hiyo mwili unahitaji wiki kadhaa kabla ya kuacha kutafuta upande usio sahihi.

Skuta ya mitumba ya injini ya cc 125 ilikuwa dola 23,000, pamoja na uhamisho wa umiliki na bima ya lazima. Kofia ngumu dola 900, koti la mvua dola 600.

26 Januari 2025: tetemeko, na kodi ya mapato

Usiku wa tarehe 21 Januari, saa sita na dakika 17, tetemeko la kipimo cha 6.4 lilitokea Dapu, katika wilaya ya Chiayi, na likatutikisa sana. Madhara makubwa upande wetu yalikuwa Nanxi, katika vilima vya Tainan. Chumbani kwangu zilianguka sahani. Ninaandika hili kwa sababu ya swali ambalo mpangaji anapaswa kuliuliza kabla ya kutazama rangi za kuta, nalo ni mwaka wa jengo. Tetemeko la tarehe 6 Februari 2016 liliangusha jengo la makazi la Weiguan Jinlong wilayani Yongkang, humu humu Tainan, na watu 115 wakafia humo; lilikuwa limejengwa katika miaka ya 1990. Baada ya tetemeko kubwa la Septemba 1999 viwango vya ujenzi viliimarishwa, na kwa hiyo jengo la baada ya mwaka huo ni chaguo la busara kwa anayeweza kulipa.

Sasa kodi. Anayekaa Taiwan siku 183 au zaidi ndani ya mwaka mmoja wa kalenda ni mkaazi kwa hesabu za kodi, na ngazi ya chini ya viwango vyake ni asilimia 5. Asiyefikisha hukatwa asilimia 18 ya mshahara, isipokuwa mshahara wenyewe usipozidi mara moja na nusu ya kima cha chini, ambapo hukatwa asilimia 6. Kima cha chini cha 2024 kilikuwa dola 27,470, hivyo mpaka huo ni dola 41,205, nami niko juu yake. Nilifika Agosti, na siku zilizobaki hadi Desemba hazingeweza kufika 183 kwa vyovyote. Nilikatwa dola 11,880 kila mwezi badala ya 3,300, na makato hayo hayarudishwi, hata kama mtu akiendelea kukaa mwaka unaofuata. Wageni wengi huambizana kwamba fedha hizo hurudi mwezi Mei. Hurudi kwa yule aliyetimiza siku ndani ya mwaka ule ule.

Kuanzia Januari, shule imeanza kunikata asilimia 5, kwa kuwa mkataba unaonyesha nitavuka siku hizo mwaka huu. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe ya kufika aanze muhula wa Februari, au awe ameingia mwanzoni kabisa mwa Julai. Tofauti kwangu, kwa miezi minne kamili, ilizidi dola 34,000, yaani bei ya skuta na chenji.

23 Machi 2025: chakula, na Ramadhani

Asiye Mwislamu anaweza kuipita sehemu hii. Tainan ni mji wa walaji, na wenyeji watakusifia supu ya nyama ya ng'ombe ya alfajiri na uji wa samaki. Taabu iko kwenye shahamu ya nguruwe, ambayo hutiwa kwenye wali, tambi, mboga na hata keki bila kuonekana. Kusema sili nguruwe hakutoshi, kwa sababu mpishi huondoa nyama na kuacha mafuta. Nilichapisha kadi yenye maneno 我不吃豬肉，也不吃豬油, inayotaja nyama na shahamu pia, na tangu hapo majibu yamekuwa ya kweli, mara nyingi kichwa kikitikiswa kwa masikitiko.

Kilichonisaidia zaidi ni migahawa ya mboga ya Kibudha, inayotambulika kwa herufi 素 kwenye bango. Iko kila mtaa, sahani haizidi dola 100, na shahamu haimo. Bidhaa za dukani zilizoandikwa herufi hiyo pia hazina gelatini ya nguruwe. Nyama ya halali naipata katika maduka ya Waindonesia karibu na stesheni, na msikiti wa Tainan hujaa vijana wao wa viwandani na wanafunzi wa vyuo. Ramadhani hii nimefuturu nao Jumapili. Shule ilinikubalia kukaa maktabani wakati wa chakula cha mchana, ambao hufuatwa na usingizi wa lazima wa watoto, na usingizi huo nimeuheshimu kuliko mtoto yeyote.

18 Mei 2025: maji yaliyotuama

Mvua zimeanza na kidingapopo kiko mawazoni mwa kila mtu. Tainan ilipata wagonjwa zaidi ya 20,000 mwaka 2015 na tena zaidi ya 20,000 mwaka 2023, kwani mbu aina ya Aedes aegypti huishi upande huu wa kusini. Maofisa hukagua vyungu, ndoo na mifereji, na anayekutwa na viluwiluwi anaweza kutozwa faini. Kisahani kilichokuwa chini ya ua langu barazani nimekitupa. Nimenunua chandarua, kitu ambacho muuzaji alilazimika kukitafuta stoo.

13 Julai 2025: Danas, na kadi mpya

Kimbunga Danas kiliingia nchi kavu Budai, Chiayi, usiku wa tarehe 6 Julai, pwani ambayo vimbunga havijaizoea, na kaskazini ya Tainan ikaumia vibaya. Huko Qigu na Jiangjun mapaa yalichukuliwa na nguzo za umeme zikalala. Kwetu mjini umeme ulikatika na maji yakakoma kupanda, kwa kuwa pampu ya jengo hutegemea umeme. Tochi na maji niliyoyanunua wakati wa Krathon yalitumika sasa. Ndoo za akiba ziwekwe kifuniko, kwa sababu iliyotajwa hapo juu.

Shule imeniongezea mkataba wa mwaka mmoja. Kadi ya ukaazi huongezwa kabla haijaisha, si baada, na kibali kipya cha kazi lazima kiwe mkononi kwanza, kwa hiyo nilimkumbusha katibu mapema, Aprili. Ada ni ile ile, dola 1,000, na jina limechapishwa kama lilivyokuwa, nafasi zote zikiwa mahali pake.

Gharama za mwaka zisizo za kawaida, nje ya kodi ya chumba na chakula: hati 9,000, kuvunja mkataba wa chumba 7,500, skuta na vifaa vyake, leseni ikiwemo, chini kidogo ya 25,500, kipaza sauti 850, muhuri 150, na kodi ya mapato ya ziada 34,000 na kitu. Amana ya chumba cha pili, 19,000, bado iko kwa mwenye nyumba. Agosti atafika mwalimu mwingine katika shule ya jirani, naye ameshaulizwa mambo mawili: jina lake linasomekaje kwenye pasipoti, na kama anaweza kuendesha polepole.